Unga wa Kijani Kikombeni: Muulize Nini Muuza Matcha

Anayetaka matcha siku hizi hasumbuki kuitafuta. Migahawa ya Masaki na Westlands inaiuza na maziwa na barafu, wauzaji wa Instagram wanaituma kwa bodaboda hadi mlangoni, na maduka makubwa yameitengea sehemu kando ya kahawa. Bei ndiyo inayouma: kikopo cha gramu 30, ambacho ni vikombe 15 tu, kinaweza kukugharimu kuliko kilo nzima ya majani ya chai. Mtu akitoa hela kiasi hicho ana haki ya kujua anakunywa nini, na swali ninalolisikia kuliko yote ni hili: chai ya Japani si ina mionzi ya Fukushima?

Ni swali la haki na nitalijibu. Ila ni swali la mwaka 2011. Kwa mnunuzi wa leo, hasa huku kwetu ambako unga hupita mikono mingi kabla ya kufika jikoni, mambo ya kuogopa zaidi ni madini ya risasi na uchakachuaji. Hayo hayatajwi kwenye tangazo, wala hayaonekani kwenye picha.

Kila kitu kinaanzia kwenye namna chai hii inavyonyweka. Chai ya kawaida unaichemsha au unailoweka, unaichuja, makapi unayatupa. Sehemu kubwa ya risasi iliyomo kwenye jani haitoki kwenda majini. Inabaki kwenye makapi na kuishia jalalani. Matcha haichujwi. Unaukoroga unga na kuumeza wote, na chochote kilichokuwa ndani ya jani au juu yake, kizuri na kibaya, kinaingia tumboni. Wanaoisifu husema ndiyo sababu ina faida kuliko chai nyingine. Hawakosei sana, lakini hesabu hiyohiyo inauhusu na uchafu.

Matcha halisi hutokana na majani yanayoitwa tencha. Wiki tatu au zaidi kabla ya kuchuma, shamba hufunikwa ili michai ikose jua na majani yawe laini, yenye kijani kilichokolea. Yakishachumwa hupikwa kwa mvuke, hukaushwa bila kusokotwa, huondolewa vijiti na mishipa, kisha husagwa. Jiwe moja la kusagia hutoa gramu 30 hadi 40 kwa saa. Ukishaijua hesabu hiyo, utajua pia kwamba kilo inayouzwa kwa bei ya kutupa haikusagwa hivyo, na pengine haikuwa tencha tangu mwanzo.

Sasa Fukushima. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko la ardhi na tsunami viliharibu kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi, na upepo ukabeba sesiamu yenye mionzi hadi mikoa ya mbali. Michai ilikuwa bado haijachipua. Sesiamu ilitua kwenye majani yaliyokomaa, ikafyonzwa, na mmea wenyewe ukaisafirisha hadi kwenye machipukizi ya Mei, yale yanayothaminiwa kuliko yote. Mwezi huo chai ya mkoa wa Kanagawa ilikutwa imevuka kikomo cha wakati ule, bekereli 500 (bekereli ni kipimo cha mionzi) kwa kilo. Mwezi Juni maofisa wa Ufaransa wakakamata kwenye uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle shehena ya chai ya Shizuoka yenye bekereli 1,038 kwa kilo. Shizuoka iko zaidi ya kilomita 300 kutoka kwenye kituo kile. Walioshtuka walikuwa na sababu.

Kilichofuata hakikutangazwa kwa kelele kama zile. Wakulima waliikata michai yao chini ili kuondoa majani yaliyobeba sesiamu, na vipimo vikashuka msimu baada ya msimu. Aprili 2012 Japani ilishusha kikomo hadi bekereli 100 kwa kilo kwa vyakula vya kawaida, na 10 kwa chai iliyokwisha kutiwa maji. Marekani iliondoa vizuizi vyake mwaka 2021, Umoja wa Ulaya ukafuata Agosti 2023. Sesiamu 134 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 2, hivyo leo imebaki masalio tu. Sesiamu 137 huchukua miaka 30 kupungua kwa nusu na bado imo udongoni, lakini udongo wa mfinyanzi huing'ang'ania, na mizizi haiipati kwa urahisi kama majani yalivyoipata ilipodondoka kutoka angani.

Isitoshe, matcha nyingi nzuri hailimwi karibu na huko. Uji, karibu na Kyoto, iko zaidi ya kilomita 500 kutoka Fukushima Daiichi. Kagoshima, ambayo mwaka 2024 iliipita Shizuoka kwa wingi wa chai, iko zaidi ya 1,000. Nishio katika mkoa wa Aichi na Yame katika mkoa wa Fukuoka nazo zina majina makubwa. Hapa wengi hujikwaa: Fukuoka si Fukushima. Ni mkoa mwingine kabisa, kwenye kisiwa kingine, na nimeona watu wakirudisha pakiti rafuni kwa kulichanganya jina hilo.

Tufanye na hesabu. Kijiko cha gramu 2 cha unga uliofika kwenye kikomo chenyewe cha bekereli 100 kwa kilo kina bekereli 0.2. Ndizi mbivu moja ina takriban 15, kutokana na potasiamu yake ya asili, na mwili wa mtu mzima hubeba kama 4,000 muda wote. Kwa wasomaji wa Tanzania kuna la ziada: Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, hupima mionzi katika vyakula vinavyoingia na kutoka nchini. Mwagizaji aliyefuata utaratibu anaweza kukuonyesha karatasi yake. Asiyeweza kukuonyesha, tatizo lake kubwa huenda si mionzi. Ni kwamba mzigo wake haukupita mlango wowote.

Risasi ni habari nyingine, na hapa naomba msomaji atulie. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, hawahitaji kuelezwa madini haya hufanya nini. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwachafulia mtaa hadi mahakama ikawaamulia fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, hupandisha shinikizo la damu la mtu mzima, na kwa mjamzito hupita hadi kwa aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Inaingiaje kwenye chai? Kwa udongo na kwa vumbi. Mchai hupenda udongo wenye tindikali, na udongo wa aina hiyo huachia madini kwa urahisi. Mashamba yaliyo karibu na barabara kuu, viwanda na migodi hupokea vumbi la miaka mingi. China ilisitisha petroli yenye risasi mwaka 2000, nchi zetu za Afrika kusini mwa Sahara mwaka 2006, lakini risasi iliyokwisha kutua haiondoki kwa sababu petroli imebadilishwa. Majani yaliyokaa muda mrefu mtini hukusanya zaidi kuliko machanga. Kwa hiyo unga wa mavuno ya kwanza, ya Aprili na Mei, kwa kawaida ni msafi kuliko unga wa bei nafuu uliosagwa kwa majani ya msimu wa mwisho.

Sheria hazifanani. Kikomo cha China kwa risasi katika chai ni miligramu 5 kwa kilo. Hicho ni kikomo tu, chai nyingi huwa chini yake sana, na kiliwekwa wakati watu wengi wanaloweka majani na kuyatupa. Kwa unga unaomezwa, hesabu inabadilika. Kuna njia rahisi ya kuipiga: chukua tarakimu ya risasi kwenye karatasi ya maabara, iliyoandikwa kwa miligramu kwa kilo, uizidishe kwa gramu unazokunywa kwa siku. Jibu ni mikrogramu. Unga wenye 0.1, ukinywa gramu 2, unakupa mikrogramu 0.2. Wenye 1 unakupa 2. Uliofika kwenye kikomo cha 5 unakupa 10.

Sasa linganisha. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, inatumia kama rejea mikrogramu 2.2 kwa siku kwa mtoto na 8.8 kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, na hizo ni kutoka vyakula vyote kwa pamoja: wali, mboga, maji, viungo. Kikombe kimoja cha unga uliofika kwenye kikomo kile kinamaliza mgawo wa mama na kupitiliza. Jimbo la California ni kali zaidi. Humtaka muuzaji aweke onyo bidhaa ikivusha mikrogramu 0.5 kwa siku. Mimi binafsi sinunui unga ambao karatasi yake inaonyesha zaidi ya miligramu 0.3 kwa kilo. Si sheria ya nchi yoyote. Ni kiasi ambacho matcha nzuri ya mavuno ya kwanza haishindwi kukaa chini yake, na kikombe chake hakifiki hata mikrogramu moja.

Wapo wanaodhani nembo ya kilimo hai inamaliza mjadala. Haimalizi. Nembo ya JAS ya Japani, ile yenye jani la kijani, inakuambia shamba halikutiwa mbolea za viwandani wala viuatilifu vilivyokatazwa. Haisemi lolote kuhusu risasi iliyokuwamo udongoni kabla mkulima hajazaliwa. Kwa viuatilifu nembo hiyo inasaidia sana, kwa sababu Japani huruhusu baadhi ya dawa za chai kwa viwango ambavyo Ulaya haivikubali. Huko Ulaya dawa isiyo na kikomo maalumu huhesabiwa kwa miligramu 0.01 kwa kilo. Unga uliotayarishwa kwa soko la Ulaya umepimwa kwa masharti makali, na kama muuzaji wako anao huo, mlipe bila kinyongo.

Uchakachuaji nao una historia ndefu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1851, kwenye Maonyesho Makubwa ya London, Waingereza walionyeshwa sampuli zilizotumwa na mtaalamu wa mimea Robert Fortune, za rangi ya buluu na jasi ambazo alikuwa ameziona zikitiwa kwenye chai ya kijani huko China ili ivutie macho ya wateja wa Ulaya. Aliyepaka alikuwa akimpa mnunuzi rangi aliyoitaka. Hilo halijabadilika. Mnunuzi wa leo ameambiwa kwenye video fupifupi kwamba matcha bora ni ile inayong'aa kama jani la mgomba baada ya mvua, na kila anayetaka kumuuzia anajua hivyo.

Vyakula vya unga ndivyo rahisi kuchezewa. Bangladesh, watafiti walionyesha mwaka 2019 kwamba manjano ilikuwa ikitiwa kromati ya risasi ili ing'ae, na rangi hiyohiyo ya njano ikichanganywa na buluu hutoa kijani. Mwaka 2023 Marekani iliondoa sokoni rojo la tufaha la watoto baada ya kukutwa na risasi. Chanzo kilikuwa mdalasini wa unga uliotiwa humo. Sisemi matcha ya dukani kwako imetiwa kromati. Nasema unga wa kijani wa bei kubwa unaosakwa na kila mtu ni kishawishi, hasa tangu vuli ya 2024, pale nyumba kongwe za chai za Kyoto kama Ippodo na Marukyu Koyamaen zilipoanza kuwawekea wateja kikomo cha kununua kwa sababu unga hautoshi. Ukipungua kwa mwenye kiwanda na kujaa kwa muuzaji wa mtandaoni, kuna jambo.

Tena jina lenyewe halilindwi. Mtu anaweza kusaga chai ya kijani ya kawaida, majani mapana na vijiti vyake, akaandika matcha. Maneno kama daraja la sherehe, yanayopandisha bei mara mbili, hayana sheria nyuma yake. Kila kampuni inajipangia. China nayo hulima matcha kwa wingi, hasa mkoani Guizhou, na ipo iliyo nzuri. Kosa ni kuuziwa ya Guizhou kwa jina la Uji.

Nyumbani unaweza kujua machache. Tia nusu kijiko kwenye glasi ya maji baridi, koroga, uache saa kadhaa bila kuigusa. Matcha haiyeyuki: itazama, na maji ya juu yatabaki na rangi hafifu yenye umanjano, kwa kuwa kijani cha majani hakiyeyuki majini. Maji yakibaki ya kijani kikali kama soda, shuku rangi. Unga wa kahawia au wa kijani kilichopauka ni mkuukuu au wa daraja la chini, si lazima uwe na sumu. Kwa risasi, usidanganyike na jaribio lolote la glasi, sumaku au karatasi ya chooni. Hakuna. Ni maabara tu.

Basi dukani fanya hivi. Geuza kopo kabla ya kulipia. Tafuta jina la mzalishaji, si la muuzaji peke yake. Mkoa wa asili, si neno Japani tu. Namba ya bechi. Tarehe ya kuzalishwa na ya mwisho wa matumizi. Na jina na anwani ya aliyeingiza nchini. Soma viungo. Kiungo kiwe kimoja: chai ya kijani. Pakiti nyingi zinazoitwa matcha ya maziwa huanza na sukari, zikafuata krimu ya unga na rangi, na chai ikaja ya nne. Hizo ni peremende za kukoroga. Zinunue ukizipenda, lakini usizilipie bei ya chai.

Kisha muombe muuzaji cheti cha maabara cha bechi hiyo. Angalia namba iliyo kwenye cheti ifanane na iliyo kwenye kopo, tarehe iwe ya karibuni, maabara itajwe kwa jina, na risasi iandikwe kwa tarakimu. Neno kwamba imefaulu halikusaidii, maana hujui imefaulu mtihani wa nani. Muuzaji mzuri atakutumia siku hiyohiyo kwa WhatsApp, kwa sababu naye aliiomba kwa aliyemuuzia. Mwingine atakutumia cheti cha miaka mitatu iliyopita, au picha ya shamba. Kwaheri yake.

Mtindo ninaoukataa moja kwa moja ni wa kupima kutoka gunia. Mtu anaagiza kilo kadhaa kutoka Guangzhou au Dubai ndani ya mzigo wa nguo, anapaki upya kwenye vifuko vya gramu 50 vyenye stika aliyoichapisha mtaani, na hapo namba ya bechi imekufa. Hata kama unga ulikuwa safi ulipotoka kiwandani, umekaa wazi, umevuta unyevu wa Pwani, na hakuna anayejua umechanganywa na nini. Nunua kikopo kilichofungwa kiwandani, kidogo, ukimalize ndani ya miezi miwili.

Kwa upande wa serikali, Tanzania Bara chakula kiko chini ya shirika la viwango, TBS, tangu 2019, kazi hiyo ilipoondolewa kwenye mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, iliyogeuzwa TMDA. Zanzibar kuna Wakala wa Chakula na Dawa. Kenya, bidhaa ya nje inatakiwa kuwa na stika ya shirika la viwango la huko, KEBS, na namba yake huhakikiwa kwa ujumbe mfupi kwenda 20023. Nembo hizo zinathibitisha mzigo ulipita mlangoni. Hazichukui nafasi ya karatasi ya risasi, lakini asiye na hata hiyo nembo hana sababu ya kupewa hela.

Wapo ambao ningewashauri waache kabisa, hata unga ukiwa safi. Watoto wadogo hawana haja nayo; mgawo wao wa risasi ni mdogo na kafeini inawatosha kuwakosesha usingizi. Mjamzito afanye vivyo hivyo, na kuna sababu nyingine: chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma ya mboga na maharage, na upungufu wa damu kwetu si habari ngeni. Asiyeacha ainywe mbali na chakula. Wakazi wa Arusha, Meru na maeneo mengine ya Bonde la Ufa, ambako maji yana floridi nyingi hadi meno kubadilika rangi, wakumbuke kwamba mchai nao hukusanya floridi, hasa kwenye majani yaliyokomaa. Unga wa bei nafuu uliokorogwa kwa maji ya huko unaongeza floridi juu ya floridi. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda amuulize daktari kwanza, kwa sababu ya vitamini K iliyomo kwenye jani.

Na anayetaka chai ya kijani tu, si povu wala picha, asisahau kwamba Kenya na Rwanda huitengeneza kwa majani. Kuwa ya hapa si cheti cha usafi; ulizia vilevile. Lakini inalowekwa, makapi yanatupwa, na bei yake haimshawishi mtu kuitia rangi.

Ombi la mwisho ni hili. Usitupe kopo kabla unga haujaisha, wala risiti. Ukishuku ulichonunua, kipeleke kikiwa na kifungashio chake ofisi ya TBS au KEBS iliyo karibu nawe, na wajulishe wenzako walionunua kwa muuzaji huyohuyo. Unga ulioletwa kwenye mfuko wa rambo bila namba ya bechi hauwezi kufuatiliwa na mtu yeyote.